Nukta za Wavu

Picha ilijaa mistari ya mshazari, kama mvua iliyoganda. Nyuma ya mistari, ufuoni mwa ziwa, Rumonge, mtu amemwelekezea Bienfait bunduki. Uso wa mwenye bunduki hauonekani.

Élysée, kaka wa marehemu Bienfait, alitaka jambo moja tu: kumjua mtu huyo. Kabla ya vita alipima samaki katika kituo cha utafiti, na kompyuta ya kituo bado ilikuwa nzima. Mafuta ya jenereta aliyaleta Komanda wa askari wa pale, pamoja na picha hiyo.

"Amahoro, mwalimu. Wanasema unajua kuosha picha."

"Nitajaribu, Komanda."

Katika programu ya kompyuta hiyo huandiki maneno. Unapanga visanduku kwenye kioo, unaviunga kwa nyuzi, kama mtu anayeziba wavu uliochanika. Élysée aliunga kisanduku cha Fourier ya pande mbili, hesabu ya kusaka vinavyojirudia, kisha cha kuchora. Likatokea giza, katikati nyota nyeupe, na kuizunguka nukta zilizojipanga sawasawa.

"Iko nini hii?" Komanda alisogeza kiti.

"Ni picha ileile, imegeuzwa. Kinachojirudia kinakuwa nukta. Hizi ndizo ile mistari. Nikizifunika, nikairudisha picha, uso unabaki."

"Na mistari yenyewe ilitoka wapi?"

Aliuliza kwa upole, kama anayestaajabia ujuzi wake, na sifa hulevya kuliko pombe ya kasiksi. Élysée akachapisha nukta kwenye karatasi, akazifuata kwa ncha ya kalamu.

"Ona, safu mbili. Aliyepiga picha alijificha nyuma ya dirisha lenye nyavu mbili: mmoja wa mbu, na juu yake wa kuanikia samaki wadogo, ndagala, umelala upande."

"Wavu wa ndagala dirishani? Wee mwalimu, unanichekesha. Nani anafanya hivyo?"

Élysée naye akacheka. "Mama Aksanti peke yake, nyuma ya kinu cha mawese. Anasema unazuia mawe."

Akazifunika nukta kwa weusi, akaunga kisanduku cha kurudisha. Uso ukaanza kushuka kwenye kioo, mstari kwa mstari: kofia, paji, nyusi.

Komanda aliikunja karatasi ya nukta, akampa askari aliyesimama mlangoni.

"Nyuma ya kinu cha mawese. Asibaki hata mtoto."

Kalamu ilimdondoka Élysée. "Komanda, yule ni shahidi wetu. Muuaji ndiye huyu anayekuja. Tazama uso."

Komanda hakutazama.

"Huo nimeuzoea," alisema. "Naunyoa kila asubuhi."