Agizo la Chumvi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Machi, siku fundi baiskeli alipomwaga chumvi yote ya nyumbani chooni.

Walikuwa wametoka kliniki, yeye na mkewe. Mke aliugua tezi zilizo juu ya figo: kizunguzungu, kukonda, miguu isiyombeba. Fundi hakuwahi kuumwa hata kichwa. Naye alipimwa kwa kuwa tu alikuwa amekaa karibu na mashine ya presha. Mhudumu alimpa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, akamsomea huku akiita mgonjwa mwingine: "Chumvi marufuku. Hata ya kuonja."

Fundi alishika agizo, akawa anapika mwenyewe. Siku moja alimfumania mkewe nyuma ya kabati, analamba chumvi ya kuazima kiganjani.

"Roho inataka, Baba."

"Hata ya mlevi inataka," alimjibu, akamnawisha mkono kama mtoto.

Mwezi wa pili tangu agizo hilo, mke alianguka jikoni, asiamke tena. Daktari wa zamu alisema mwili ulikuwa umeishiwa chumvi.

Wiki mbili baada ya mazishi, fundi aliipita foleni ya kliniki kama haioni. Mlinzi alimkamata shati, akabaki na kifungo mkononi. Fundi alizibwaga karatasi mezani kwa mkuu wa kliniki.

"Nyinyi wakubwa mmemuua mke wangu kwa kalamu. Siondoki mpaka nijue aliyeandika hii ni nani."

"Mzee, kaa kwanza."

"Nimekaa miaka sitini. Leo nimesimama."

Mkuu alivaa miwani. Akasoma karatasi ya juu. Akachomoa pini, akasoma ya chini.

"Ya mkeo ni hii ya chini," alisema taratibu. "Imeandikwa ale chumvi kila mlo, asipunguziwe kabisa. Hii ya marufuku ina jina lako, mzee. Presha yako ilikuwa juu."

Fundi alizitazama zote mbili. Kwake zilifanana kama pacha. Kiti hakukigusa. Alizigeuza karatasi, akazisukuma upande wa mkuu.

"Mimi kusoma sijui, sikatai. Huyo wenu anayejua, mbona aliishia kusoma ya juu?"