Mpira Unaoonyesha Ndani

Makame aliiongezea mashine yake ndogo ya kusafishia mazulia mota ya nguvu, kisha akaifungia mpira mpya wa kunyonyea maji machafu, unaoonyesha hadi ndani, ili kila mteja auone uchafu wa nyumba yake ukipita.

"Mtu akiona yake kwa macho, hana tena la kubisha," alimwambia mkewe kwa majivuno.

Kidawa alikuwa amerudi jana tu kutoka kumuuguza mamake. "Basi tuijaribu hapa, kwenye zulia letu."

"La nini? Hilo safi."

Kidawa akamkazia macho. Mwanamume huyu hakuwahi kusifu usafi wa kitu humu ndani, hata sahani yake ya wali.

"Nimelifagia mwenyewe," akaongeza Makame, na hapo ndipo alipojiharibia kabisa.

"Wewe, Baba Raya? Ufagio mlijuana lini?" Akaiwasha.

Mashine ikanguruma. Mpirani yakapita maji ya kahawia, nywele, punje za wali. Kidawa akaisukuma polepole hadi pembeni, kwenye mito, na mara pakasikika ta-ta-ta. Shanga za kiuno, za kijani, zikapanda moja nyuma ya nyingine kama siafu wanaohama. Zake Kidawa zilikuwa nyekundu, na zote alikuwa amezivaa.

"Zima, mama, mota itaungua!"

"Iache iungue."

Shanga moja ikakwama kwenye kona ya mpira. Ikawa inazunguka ndani ya maji, haipandi wala haishuki, nao wote wawili wanaitazama.