Harusi ya Askari wa Plastiki

Jeneza lilipotua kando ya kaburi, mwanamke mmoja aliyejifunga kanga nje ndani alichomoka kwenye umati, akalikalia. Akafungua mkoba, akatoa midoli miwili ya plastiki.

"Mtani kafika!" mchimba kaburi akapiga kelele. "Leo hatuziki mpaka jua lizame!"

Watu waliokuwa wanalia wakacheka.

Dorkas, mama wa marehemu, akashusha pumzi. Msiba bila mtani ni upweke. Mtani humwigiza marehemu, hukalia jeneza mpaka ahongwe, husema yasiyosemeka, na mfiwa akikasirika hutozwa faini.

Yeye hakuwa na nguvu ya kukasirika. Alisafiri kutoka Itigi mpaka Ulemo, akakuta mwanawe Yasinta ameshapigiliwa misumari ndani ya sanduku. Mkwe wake, Chediel, alisema ni ajali ya pikipiki, uso umeharibika, afadhali mama abaki na sura ya zamani. Wazee wakaafiki. Dorkas aliomba mara tatu amwone mwanawe, mara tatu akaambiwa ajikaze. Hakuna kingine alichokitaka duniani.

"Huyu Yasinta," mwanamke akasema, akiinua mdoli wenye nywele za njano na kiuno cha nyigu. "Huyu bwana harusi." Mdoli wa pili ulikuwa askari, kifua mbele, mikono inayokunjika.

"Bwana harusi mbona mfupi kuliko mkewe?" kijana mmoja akadakia.

"Atapanda stuli!" akajibu mwingine.

Mwanamke hakucheka. "Kila siku waliozwa," alisema. "Barazani, kwenye nyumba za reli. Mahari ilikuwa vifuniko vya soda. Shela ilikuwa kipande cha pazia."

Dorkas alishtuka. Pazia lile alilikata yeye mwenyewe. Aliiona tena baraza ya Itigi, treni ya mizigo ikitikisa vikombe kabatini, Yasinta na mtoto wa jirani wamepiga magoti juu ya saruji, na midoli iliyotoka kwenye belo la mitumba. Yasinta alikuwa na miaka minane. Siku hizo kitu kibaya kuliko vyote kilikuwa kuitwa ndani kuosha vyombo.

"Haya ameyajuaje?" alimnong'oneza kaka yake, Alute.

"Watani huulizauliza kabla ya kuja, dada. Wanajua mpaka chungu ulichounguza ukiwa mwali."

Juu ya jeneza, askari alikuwa anarudi nyumbani. Mwanamke alimtembeza taratibu, kishindo baada ya kishindo.

"Huyu askari kiungo chake kilikwama. Mkono ulikuwa haushuki. Yasinta akasema, anatupungia. Tukampungia na sisi." Akamsimamisha askari mbele ya mdoli. "Leo ugali umepoa."

Mkono wa askari ukashuka shingoni kwa mdoli. Ukapanda, ukashuka tena. Mdoli ukaanguka kifudifudi.

"Pikipiki," mwanamke akasema kwa sauti nene ya kiume. "Mkiulizwa, semeni ni pikipiki."

Umati ukalipuka. Ilikuwa sauti ya Chediel kabisa, na ule mkwaruzo wake. Mama mmoja alicheka mpaka akamwegemea jirani. Chediel naye alicheka, akiwa amechelewa kidogo kuliko wenzake, kisha akatia mkono mfukoni.

"Mtani, wewe kiboko. Shika elfu kumi, utupishe."

Noti ilianguka kwenye udongo. Mwanamke hakuiangalia.

"Sitaki hela. Fungueni."

"Muongezee kuku!"

"Na jogoo juu!"

"Fungueni tuone shingo yake." Akageuka kumtazama Dorkas, na machozi yakamtoka. "Mama, uliyemzaa ni wewe. Ukisema neno moja, hawa wote watafungua. Sema, mama. Nakuomba."

"Jamani, huyu analia machozi ya kweli!" mtu akashangaa, na wengine wakampigia makofi.

Mdomo wa Dorkas ulifunguka. Neno lilikuwepo, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Alute akambana mkono.

"Dada, mtani hakasirikiwi. Ukinuna mbele za watu utatozwa mbuzi, na utatuaibisha kwa wakwe. Cheka kidogo yaishe."

Dorkas aliitazama misumari ya jeneza. Akamtazama mwanamke. Kisha akafanya kinachomfaa mfiwa mwenye adabu: akacheka.

"Toka bwana, mtani wee," alisema. "Mwache mwanangu apumzike."

Kitu kikazimika usoni mwa yule mwanamke. Vijana wanne walimbeba juujuu kwa vigelegele, wakamtua kando, naye hakupigana. Alisimama hapo mpaka koleo la kwanza la udongo liliposikika juu ya mbao. Halafu akaondoka kwa miguu kuelekea barabara ya lami, wala hakugeuka.

Kaburi likajaa. Wakapanga mawe, wakachomeka msalaba, mchungaji akaomba. Chediel alisifiwa kwa kuwa mvumilivu.

Watu walikuwa wananawa mikono pale Noah moja, nyekundu kwa vumbi, ilipoingia uwanjani kwa honi. Wakashuka wanawake wanne waliovaa makoti ya kiume, nyuso zimepakwa majivu, mmoja kajitwika sufuria kichwani kama kofia. Aliyetangulia akapiga magoti mbele ya Dorkas.

"Shikamoo, mama. Tusamehe, gari lilitufia Manyoni tangu alfajiri." Akaangaza huku na huku, akaliona kaburi. "Sisi ndio watani wenu wa Itigi. Jamani, mmezika bila mtani hata mmoja?"