Aliyemchongea Jenipher

Aliyemchongea Jenipher hakujificha nyuma ya barua isiyo na jina. Alikwenda mwenyewe ofisi ya uhamiaji, Singida mjini, akashika Biblia, akaapa kwamba binti huyo si Mtanzania.

"Jina lake siruhusiwi kulitaja," alisema Bwana Sostenes, afisa aliyeshughulikia maombi ya pasi za kusafiria. "Ila anasema ulitolewa kwenye treni ya Kigoma mwaka sabini na mbili, ukiwa kichanga."

Jenipher alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, nesi mwenye cheti, na kadi yake ya ubatizo ilimtaja mama yake, Severina wa Itigi, na marehemu baba yake, Paskali wa reli. Mwaka ule wa tisini na tano mshahara wa serikali ulikuwa hauvuki tarehe kumi, na manesi wenzake wawili walikwisha kutangulia Botswana. Yeye naye kazi ilikuwa inamngoja huko. Alichokosa ni pasi tu.

Kicheko kilimwishia alipofika nyumbani, akamsimulia mama yake, naye akakwepa macho yake.

Ilikuwa kweli. Siku ya treni hiyo Severina alikuwa akiuza mayai ya kuchemsha stesheni ya Itigi. Mwanamke mmoja, aliyekimbia mauaji ya Burundi, akampitishia mtoto dirishani amshikie, ili apate kushuka. Behewa lilishonana, treni ikaondoka, mwanamke hakushuka. Severina na mumewe walingoja kila treni kwa miezi mitatu. Kisha wakampeleka mtoto kanisani, akabatizwa kama mtoto wao. Mungu hakuwapa mwingine.

"Nani mwingine anajua?" Jenipher aliuliza.

"Baba yako alijua. Na Alute."

Basi, shauri likaishia hapo. Alute alikuwa mdogo wake Paskali, na tangu msiba alikuwa haishi kuulizia kiwanja cha nyumba alichoacha kaka yake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Jenipher alisema.

Mama yake aliinama, akasogeza kuni jikoni.

Kesho yake Jenipher alimkuta Alute dukani, akampita bila kumwamkia. Pale Itigi unaweza kumnyima mtu chumvi, unaweza hata kumpeleka baraza la kata, na maisha yakaendelea. Lakini kumpita mkubwa wako bila shikamoo ni kumzika akiwa hai. Mzee wa watu alibaki amesimama na kifuko chake cha sukari.

"Jeni, mwanangu, leo umenipita?"

Hakugeuka. Habari zilimfikia Severina kabla ya jua kuzama, akakosa raha.

"Mwamkie baba yako mdogo," alisema. "Huna hakika kama ni yeye."

"Ninayo."

Baada ya wiki mbili ikaja barua kutoka kazini: amesimamishwa kazi mpaka uraia wake uthibitishwe. Severina aliisikiliza ikisomwa, akaomba isomwe tena.

"Kwani si pasi tu wanayomnyima mtu?"

"Mama, asiye raia haajiriwi. Wanaweza kunipeleka kambini huko Kigoma, kwa watu ambao hata salamu yao siijui."

Siku hiyo Severina hakula. Tangu habari za Botswana zianze alikuwa mtu wa maswali: ni siku ngapi njiani, barua zinafika, na mtu akifa huku watamsubiri mwanawe siku ngapi kabla ya kuzika. Sasa hakuuliza kitu. Asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani.

"Twende Singida," alisema. "Nitaapa kwamba nimekuzaa."

Jenipher alimtazama asiamini. Huyu ni mwanamke ambaye akishuku yai ni viza alilitupa mwenyewe kabla mteja hajaligusa, na ambaye aliwahi kumcharaza fimbo kwa uongo wa kipande cha muwa. Leo anakwenda kumdanganya Mungu mchana kweupe kwa ajili yake. Machozi yalimtoka. Alijiambia kwamba kama huku siko kuzaa, basi kuzaa hakuna maana.

Ofisini, Bwana Sostenes aliwapa viti. Alimtazama Severina kama anayetaka kusema neno, akaliacha, akaanza kueleza sheria. Kadi ya ubatizo ingetosha, mradi mzazi aape kwamba mtoto amemzaa yeye. Mtoto wa kulea asiye na karatasi ya mahakama ni mgeni, hata awe amekulia hapa tangu ananyonya.

"Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa."

Severina aliweka mkono juu ya Biblia. Sauti ilitoka sawasawa.

"Huyu nimemzaa mimi, nyumbani kwangu Itigi. Mungu ni shahidi yangu."

Jenipher alimshika bega. Pasi angeipata. Kazi angerudishiwa. Na Alute, aliapa moyoni, hatasikia shikamoo yake mpaka anaingia kaburini.

Bwana Sostenes alikuwa ameshika kalamu, lakini hakuandika. Alifungua faili, akasoma ukurasa mmoja taratibu, kisha akaiweka kalamu mezani.

"Mama," alisema kwa upole, "mwezi wa tatu ulikaa kwenye kiti hicho hicho, ukashika Biblia hii hii, ukaniapia kwamba hukumzaa, alitolewa kwenye treni. Sasa niandike kipi?"