Heroe Waliotembelea Mtaa wa Panya

Ukitaka kunibishia, nibishie sasa hivi. Shule niliiacha darasa la nne, lakini haya nayajua kuliko mwalimu wako.

Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wa kule ziwani, walizoea kuja kutalii mtaa wa panya, nyuma ya jalala. Kunguru ndiye aliyewatembeza. Waliingia nyumba hadi nyumba bila hodi. Siku moja heroe mmoja akafunua sufuria ya Mama Chepe, panya mjane, mbele ya wanawe.

"Maskini, wanakula maganda," akawaambia wenzake, "na bado wanacheka."

Watoto wakaona aibu. Siku nzima hawakugusa chakula.

Mama Chepe hakugomba na mtu. Kesho yake asubuhi aliwachukua wanawe na majirani, wakaenda ziwani na kuwaingilia heroe katikati ya mlo, bila hodi.

"Mnataka nini kwetu?" heroe wakauliza.

"Hamna kitu, jamani, tunatalii tu. Wanangu, sogeeni muone. Maskini, wanakula tope, tena kichwa chini, na bado wanaringa."

Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Waliporudi nyumbani wakamaliza maganda yote, wakaomba mengine.

Siku hizi heroe akija mtaani anasimama mlangoni, anapiga hodi, anangoja akaribishwe.

Haya, kuna kipande nilikiruka. Yule kunguru ni mimi. Na aliyemwambia heroe afunue sufuria ni mimi pia.