Kichupa cha Rangi ya Kucha

Mzee aliyekuwa akitunza konokono wa maabara yangu alikuwa anastaafu siku hiyo. Alinikabidhi funguo, kisha akatoa mfukoni kichupa cha rangi nyekundu ya kucha.

"Na hii, Daktari. Atakayekuja ataihitaji."

Rangi kama hiyo ilikuwa kwenye droo yangu. Kila konokono niliyemwambukiza vijidudu nilimtia nukta moja ya rangi hiyo kwenye gamba. Kwa miaka kumi na tisa nimeandika kwamba hawafi, kwamba seli za damu yao huvizingira vijidudu na kuvimeza. Wanafunzi wanakariri hivyo.

"Mzee wangu, ya kwako ilikuwa ya nini?"

"Ya wale niliowaokota bustanini asubuhi, kabla hujafika." Alishusha sauti kama mtu anayetoa pole. "Mwaka ule wa kwanza walipokufa ulilia, mwanangu. Nikasema huyu hataona mizoga tena."

Niligeuka kutazama chombo cha kioo walimokaa konokono. Nukta zote zilikuwa zinang'aa kama zilizopakwa jana.

"Walikufa wangapi?"

Akakuna kidevu.

"Niulize kama yupo aliyepona."