Mvua ya Bondeni

Mvua ilianza tukiwa mezani, na mkwe wangu akaendelea kuzungumza bila kupaza sauti. Ndipo nikaacha kula.

Kwangu kilimani, mvua ikipiga bati husikii hata ukiitwa. Upepo wa huko nao hauna mzaha. Fundi alinionya mapema: "Bibi, bati zito ni ghali, ila jepesi utalifuata bondeni." Nikauza ng'ombe wangu wa maziwa, hela nikampa kitinda mimba wangu akaninunulie yale mazito.

Juma lililopita paa langu liling'oka, likakunjika kama karatasi. Kitinda mimba akanichukua kwake huku bondeni, akanifuta machozi kwa mkono wake mwenyewe. "Kazi ya Mungu, mama. Upepo hauna adabu."

Sasa nikainua macho. Mvua ilidunda juu yetu kwa sauti nene, ya chini, kama mtu anayekung'uta godoro.

"Paa lenu limetulia, mwanangu," nikamwambia mkwe.

"Mabati mazito hayo, mama!" Akacheka. "Mume wangu aliyaleta mwaka uleule ulioezeka kwako. Nikamuuliza, wewe, hela umeiba wapi? Akasema mwanamume haulizwi."

Kitinda mimba alikuwa anageuzageuza kijiko kwenye sahani. Chakula hakikupungua.

"Baba," nikamwita, kama nilivyomwita tangu nikiwa nambeba mgongoni, "hapa bondeni mnaogopa upepo gani?"